Asili ya Vielezi vya Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa isimu, walimu na wafasiri wanaotaka kujua kielezi cha Kiingereza kilitoka wapi na kilifikaje kilipo. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa italiki. Kistari juu ya irabu, kama katika *ā* au *ū*, huonyesha irabu ndefu. Herufi *þ* ni "th" ya thamani au "dh" ya dhahabu, kutegemea mahali ilipo katika neno.

## Misingi

1. Kutafuta asili ya kielezi ni kufanya nini hasa?

Ni kulirudisha neno nyuma hatua kwa hatua: lilivyo leo, lilivyoandikwa karne ya 16, ya 14, ya 10, kisha katika lugha ndugu kama Kijerumani na Kiholanzi, au katika lugha lilikokopwa, mara nyingi Kifaransa. Kila kituo unauliza mambo matatu: lilikuwa na umbo gani, lilikuwa na maana gani, na lilifanya kazi gani katika sentensi. Wengi huuliza mawili ya kwanza na kusahau la tatu, na kwa vielezi hilo la tatu ndilo lenye uzito.

2. Kwa nini vielezi vinasumbua kuliko nomino?

Kwa sababu vingi havikuzaliwa vielezi. Nomino *stone* ilikuwa nomino miaka elfu moja iliyopita, na leo ni nomino. Kielezi, kinyume chake, mara nyingi kilikuwa nomino au kivumishi kilichovaa kiambishi cha uhusika, yaani kinachoonyesha kazi ya neno katika sentensi, enzi ambazo Kiingereza kilikuwa bado na viambishi hivyo kama Kilatini au Kiarabu. Baadaye viambishi hivyo vikafa katika nomino na vivumishi vya kawaida, lakini vikabaki vimeganda ndani ya vielezi, ambako hakuna mzungumzaji anayevitambua.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza daima ni huu: angalia mkia wa neno kabla ya kuhangaika na maana yake. Mkia ndio unaokuambia utafute katika karne ipi na chini ya kidahizo kipi, yaani neno lipi linaloorodheshwa katika kamusi.

3. Nitumie kamusi zipi?

Kamusi kuu ni Oxford English Dictionary, inayojulikana kama OED. Toleo lake la kwanza lilitoka vipande vipande kuanzia 1884 hadi 1928, na sasa inapitiwa upya mtandaoni. Inahitaji usajili wa kulipia, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu zinao. Kwa Kiingereza cha Kati, yaani takriban 1150 hadi 1500, tumia Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyokamilika 2001 na inayosomwa bure. Kwa Kiingereza cha Kale, yaani kilichotangulia hicho, kuna Bosworth-Toller, ya bure pia, pamoja na kamusi mpya inayoandaliwa Toronto, ambayo haijafika mwisho wa alfabeti.

Etymonline ya Douglas Harper ni ya bure na ni nzuri kwa kuanzia. Usiishie hapo, kwa sababu inatoa muhtasari wenye nukuu chache tu, na bila nukuu za kutosha huwezi kuona maana ikihama.

4. Nionyesheni hatua zenyewe kwa neno moja.

Chukua *always*. Mtu akiliangalia kwa macho ya leo ataligawa *all* na *ways*, "njia zote", na kusema kwamba *s* ni ya wingi. Hapo ameshapotea.

Hatua ya kwanza ni kukusanya maumbo. OED huorodhesha tahajia zote za kila kidahizo kwa karne. Isome orodha hiyo kabla ya fasili. Kwa *always* utakuta kwamba kuna umbo la zamani zaidi lisilo na *s*, yaani *alway*. Liliishi muda mrefu: Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mathayo 28:20, ina *I am with you alway*. Kama *s* ingekuwa ya wingi tangu mwanzo, umbo hili lisingekuwepo.

Hatua ya pili, fuata umbo la zamani badala ya jipya. Katika Kiingereza cha Kale utalikuta kama maneno mawili, *ealne weg*. Hapo *ealne* ni "-ote" katika umoja, kwa umbo la shamirisho. Maana yake ni "njia nzima, mwanzo hadi mwisho": ilihusu umbali kwanza, kisha muda.

Hatua ya tatu, eleza kila kilichoongezeka. Ile *s* iliongezwa katika Kiingereza cha Kati kwa kuiga kundi jingine la vielezi. Tazama swali la 7.

Hatua ya nne, nenda kwenye lugha ndugu kwa kila sehemu peke yake: *weg* ni ndugu wa *Weg* la Kijerumani, na mzizi wake ndio ulioipa Kilatini kitenzi *vehere*, "kubeba, kusafirisha". Hatua ya tano, pitia nukuu kwa mpangilio wa tarehe, uone ni lini maana ya njia ilififia ikabaki ya wakati. Hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

## Mikia na vichwa

5. Mkia *-ly* ulitoka wapi?

Ulitoka katika nomino *līc*, "mwili", na hasa mwili wa marehemu. Wajerumani hadi leo huita maiti *Leiche*, na makanisa ya zamani ya Uingereza yana *lichgate*, lango lenye paa ambapo jeneza husubiri padri. Kutoka "mwenye mwili wa", neno lilipata maana ya "mwenye umbo la", kisha likawa kiambishi cha vivumishi, *-līc*. Ukiongeza *-e* ya vielezi unapata *-līce*. Sauti ya "ch" ya mwishoni ikadondoka wakati wa Kiingereza cha Kati, kwa msukumo wa lugha ya Waskandinavia waliokuwa wamehamia kaskazini, ambao kwao kiambishi hicho kilikuwa *-liga*.

Kilichofuata ni mgongano: kivumishi *-līc* na kielezi *-līce* vyote vikawa *-ly*. Ndiyo maana *friendly* ni kivumishi huku *quickly* ni kielezi. Ukikutana na *-ly*, thibitisha kwanza neno lilianza kama lipi kati ya hayo mawili.

Neno *only* ni la familia hii: *ān*, "moja", pamoja na *-līc*. Limehifadhi irabu ya zamani, kama *alone*, ambalo ni *all* na *one* yaliyoungana. Neno *one* lenyewe ndilo lililoasi kwa kupata "w" mwanzoni mwa matamshi.

6. Kwa nini *fast* na *hard* hazina *-ly* zikiwa vielezi?

Katika Kiingereza cha Kale kivumishi *heard* kiligeuka kielezi kwa kuongeza *-e* tu: *hearde*. Vivyo hivyo *fæst* na *fæste*, *lang* na *lange*. Mwishoni mwa Kiingereza cha Kati, irabu hiyo dhaifu ikaacha kutamkwa, na kielezi kikafanana na kivumishi. Waalimu wanaomwambia mwanafunzi kwamba *drive slow* ni uvivu wa kisasa wajue kwamba muundo huo ni wa zamani kuliko wanavyodhani.

Jambo la kuangalia kwa karibu ni *hardly*. Leo linakaribia kukana: "kwa nadra sana, karibu hapana". Lakini Biblia ya 1611, Mathayo 19:23, inasema tajiri *shall hardly enter* katika ufalme wa mbinguni. Anayesoma kwa maana ya leo atadhani ni "hataingia kabisa". Biblia ya Kiswahili inatoa maana iliyokusudiwa: "ni shida tajiri kuingia". Mlolongo ni kwa nguvu, kwa shida, kwa nadra, na hicho kituo cha katikati ndicho daraja. Ukikosa daraja, maana mbili za mwisho wa kamba zitaonekana kama maneno mawili tofauti.

7. Ile *s* ya *always*, *nowadays* na *once* ni ya nini?

Ni kiambishi cha umilikishi, kilekile kilichozaa *'s* ya leo. Kiingereza cha Kale kiliweza kusema *dæges*, kwa maana ya "mchana, wakati wa mchana", na *nihtes*, "usiku". Hilo la pili linafurahisha, kwa sababu nomino *niht* ilikuwa ya jinsia ya kike na haikustahili *-es*. Iliikopa kwa jirani yake *dæges*. Kijerumani kimefanya vilevile katika *nachts*. Sentensi ya leo *she works nights* ni mabaki ya hapo, ingawa wasemaji wake sasa wanasikia wingi.

Mkia huu ulipendwa ukaanza kubandikwa popote: *needs* katika *must needs*, *unawares*, *backwards*, *always*. Katika *once*, *twice*, *thrice*, *hence* na *since* umejificha nyuma ya *ce*. Waandishi walibadili tahajia kuonyesha kwamba sauti ni "s" na si "z". Neno *once* ni *ānes*, yaani umilikishi wa "moja". Ukiona *-nce* mwishoni mwa kielezi kifupi, badilisha kichwani iwe *-nes* au *-ns*, kisha utafute.

8. Na *seldom*? Na *piecemeal*?

Hizi zina mkia *-um*, uliokuwa wa wingi wenye maana ya "kwa". Mfano safi ni *whilom*, kutoka *hwīlum*, "nyakati fulani", wingi wa nomino iliyotupa *while*. Neno *seldom* lilikuwa *seldan*. Likavutwa na *hwīlum* hadi likabadili mkia. Katika *piecemeal*, sehemu ya pili ni *-mǣlum*, kutoka *mǣl*, "kipimo, muda uliopangwa", nomino ileile iliyozaa *meal*, mlo. Shakespeare alikuwa bado na *inch-meal*, inchi kwa inchi.

9. *Asleep*, *alive*, *away*: hiyo *a-* ni ileile?

Karibu zote ni kihusishi *on* kilichochakaa: *on līfe*, *on weg*. Lakini usibandike sheria hiyo kila mahali. Katika *alone* na *also*, *a* ni ya *all*. Katika *adown* ni ya *of*. Tazama swali la 10.

## Maana zinavyohama

10. Ni kweli *down* maana yake ya asili ni kilima?

Ni kweli, na ndiyo kesi tunayoipenda kuliko zote. Nomino *dūn* ilikuwa "kilima", na vilima vya chokaa vya kusini mwa Uingereza bado huitwa *Downs*. Mtu aliyeshuka alisemwa anakwenda *of dūne*, "kutoka kilimani", ambapo *of* ilimaanisha "kutoka" na *-e* ilidaiwa na kihusishi hicho. Kisha *of* ikachakaa ikawa *a-*, tukapata *adown*. Kisha *a-* nayo ikadondoka. Kilichobaki ni jina la mahali pa juu likimaanisha kuelekea chini.

Huwezi kufika hapo kwa kutafakari maana. Hakuna njia ya kimantiki kutoka kilima hadi chini mpaka uone kihusishi kilichopotea. Kwa hiyo kila maana mbili za neno zinapopingana, uliza kwanza kama kuna kipande kilichodondoka.

11. Kwa nini maneno ya "sasa hivi" huishia kuwa "baadaye kidogo"?

Kwa sababu wanadamu huahidi haraka kuliko wanavyotenda. Neno *sōna* la Kiingereza cha Kale lilikuwa "papo hapo". Leo *soon* ni "karibuni". Neno *anon*, kutoka *on ān*, lilikuwa "moja kwa moja" likawa "nakuja". Katika Biblia ya 1611, Mathayo 21:19, mtini ulinyauka *presently*, na ya Kiswahili inasema ukanyauka "mara". Mwingereza wa leo akikuambia *presently*, tafuta kiti ukae. Aliyewahi kuambiwa "sasa hivi" na fundi cherehani wa mtaani hahitaji maelezo zaidi.

Faida ya kujua mtindo huu ni ya kazi: ukikuta kielezi cha wakati katika maandishi ya kabla ya 1700, chukulia maana ya haraka zaidi kwanza, halafu acha muktadha uipunguze.

12. *Very* linatoka katika "kweli"?

Ndiyo. Kilatini *vērus*, "-a kweli", na *vērāx*, "msema kweli", viko nyuma ya *verai* la Kifaransa cha Kale, lililoingia Kiingereza karne ya 13 kama kivumishi. Mabaki yake ni *the very man*, "mtu mwenyewe hasa". Hatua ya kuwa "sana" ilipitia sifa zilizofuatana: mtu wa kweli na mwema akawa mtu mwema kweli.

Kabla yake Waingereza walitumia *swīþe*, kutoka kivumishi cha "nguvu", pamoja na *full*, *right* na *well*. Vielezi vya kutia mkazo huchakaa upesi. Ndiyo kundi linalobadilishwa mara nyingi kuliko yote.

13. *Rather* lina mkia wa *-er*. Je, ni la kulinganisha?

Ndiyo: ni umbo la kulinganisha la *hraþe*, "upesi". Kwanza ni "upesi zaidi", kisha "mapema kuliko", kisha "kwa kupenda zaidi". Kiswahili kina ndugu wa mawazo hapa: "afadhali" linatokana na *afḍal* la Kiarabu, ambalo nalo ni umbo la kulinganisha. Neno *near* pia lilikuwa la kulinganisha, "karibu zaidi", kutoka *nēah* lililozaa *nigh*. Hivyo *nearer* limelinganishwa mara mbili.

## Mahali watu wanapokosea

14. Kamusi inasema neno "limeonekana kwanza" mwaka fulani. Ndipo lilipozaliwa?

Hapana. Huo ni mwaka wa maandishi ya zamani zaidi yaliyobaki na kusomwa. Maandishi yote ya Kiingereza cha Kale tuliyo nayo ni takriban maneno milioni 3 tu. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kilatini na Kifaransa vilitawala maandishi, na ushahidi wa karne ya 12 ni mwembamba. Neno linaweza kukaa vinywani miaka mingi bila kuandikwa. Andika "limeshuhudiwa tangu", usiandike "lilianza".

15. *Gingerly* linatokana na tangawizi?

Linafanana tu. Karne ya 16 lilitumika kwa hatua za madaha, hasa za kucheza dansi na kutembea, na huenda linatoka katika *gensor* la Kifaransa cha Kale, umbo la kulinganisha la *gent*, "mwungwana, mwororo". Tangawizi na nukuu hizo za mwanzo havikutani popote. Ona pia neno "huenda": kamusi inaposema hivyo, usilifute unaponakili.

16. Nimekuta nukuu ya zamani kuliko ya OED kwenye vitabu vilivyoskaniwa. Nimevumbua?

Labda, lakini kagua mambo mawili. La kwanza ni tarehe: mifumo ya kutafuta vitabu mara nyingi huyapa matoleo yote ya jarida mwaka wa toleo la kwanza. Fungua ukurasa wa jina na usome mwaka kwa macho. La pili ni herufi: hadi mwishoni mwa karne ya 18 wachapaji walitumia *s* ndefu, inayofanana na *f*, na mashine huisoma vibaya. Ukitafuta *soon* na *seldom*, tafuta pia *foon* na *feldom*. Mwishoni mwa neno *s* ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo *always* halina shida hiyo.

17. Kinyota na msalaba katika kamusi vina maana gani?

Kinyota mbele ya umbo kinasema halijawahi kuonekana kwenye maandishi. Limekisiwa kwa kulinganisha lugha. Msalaba unasema neno au maana imekufa. Kudondosha kinyota ni kosa zito, kwa sababu unageuza makisio kuwa ushahidi.

## Kesi ngumu

18. *Perhaps* ni la lugha gani?

Ni chotara: *per* ya Kilatini na Kifaransa, "kwa", na *hap*, "bahati", kutoka *happ* la Waskandinavia, lililozaa pia *happen* na *happy*. Liliundwa kwa kuiga *peradventure* na *perchance*. Kwa maneno kama haya usitafute chimbuko moja. Fuatilia kila kipande, kisha eleza viliungana wapi.

19. *Upside down* mbona haieleweki nikiigawa?

Kwa sababu wasemaji waliitengeneza upya. Kiingereza cha Kati kilikuwa na *up so doun*. Ile *so* haikueleweka tena, ikageuzwa *side*. Kielezi kinachoeleweka kirahisi mno ndicho cha kushuku. Angalia maumbo ya zamani kama katika swali la 4.

20. Maneno mafupi kama *not* na *as* yana historia yoyote?

Mengi ni marefu yaliyosagika. Neno *not* ni kifupi cha *nought*, kutoka *nāwiht*, "si kitu chochote kamwe". Nalo *as* ni *also* lililopoteza mkazo, na yote mawili ni *eall swā*. Neno moja likitamkwa kwa mkazo na bila mkazo kwa karne kadhaa huzaa maneno mawili.

21. *Hopefully* kwa maana ya "tunatumaini" ni kosa?

Hilo ni swali la mtindo, si la asili. Kwa maana ya "kwa matumaini" limeshuhudiwa tangu karne ya 17. Matumizi ya kuelezea sentensi nzima yalienea karne ya 20 na kuzua ugomvi miaka ya 1960. Shirika la habari la Associated Press liliyakubali katika mwongozo wake mwaka 2012. Kihistoria, *frankly* na mengine yalishapita njia hiyo bila kelele.

22. Njia hii inafaa kwa vielezi vya Kiswahili?

Inafaa, hasa kwa vya asili ya Kiarabu. Mkia *-an* wa "mathalan", "takriban" na "hususan" ni kiambishi cha uhusika cha Kiarabu kilichoganda, sawa kabisa na *s* ya swali la 7. Nalo "labda" ni *lā budda*, "hapana budi": lilianza kwa uhakika likaishia kwenye shaka, na "budi" yake tunayo bado katika "sina budi".

23. Kamusi mbili zikipingana nifuate ipi?

Angalia mwaka. Kila kidahizo cha OED mtandaoni huonyesha kilichapishwa lini na kama kimepitiwa upya. Kisichopitiwa kinaweza kuwa na maelezo ya zaidi ya miaka 100, kabla ya kamusi ya Michigan kuwepo. Nukuu zake bado ni nzuri. Ni makisio ya asili ndiyo ya kulinganisha na kamusi mpya.

24. Niandikeje matokeo?

Umbo la zamani kwanza, kisha badiliko na sababu yake, kisha lugha ndugu, kisha maana. Kwa mfano: "*seldom*, kielezi. Kiingereza cha Kale *seldan*, baadaye *seldum* kwa kuiga *hwīlum*. Linganisha Kijerumani *selten*, Kiholanzi *zelden*. Maana, 'kwa nadra', haijahama."